Mwanangu wa miaka 13 kamaliza karibu kila kitu skauti, viongozi wanamwambia "subiri ukue". Nifanyeje?

mama_wa_wawili (Ohio)

Habari zenu wadau, hasa mlioko huku Marekani na mna watoto skauti. Naandika saa tano usiku, baba yao yuko shifti, mimi usingizi umegoma.

Mwanangu wa kwanza alianza na wale wadogo alafu Machi 2023 akavuka kwa wakubwa, alikuwa na miaka 10 na miezi 10. Sasa huyu mtoto ndo alivyo, kitu akikipenda hakiachi. Kitabu chake cha skauti mgongo umeshakatika nimeubandika kwa ile gundi ya utepe ya kijivu mara mbili. Kipindi anajifunza mafundo nilikuwa naamka asubuhi nachemsha chai nakuta kamba ya pazia la jikoni imefungwa kwenye mguu wa meza, nikiivuta haifunguki mpaka nimwite yeye. Desemba mwaka huo huo akapata daraja la First Class, Aprili 2024 Star, mwisho wa Oktoba akapata Life. Kwa wasiojua, juu ya hapo imebaki moja tu, Eagle, ndo ya mwisho kabisa.

Beji anatakiwa awe nazo 21, anazo 23. Na msije mkasema ni za kupewa tu, ile ya maisha ya familia mtoto anafanya kazi za nyumbani siku 90 anaandika, chati ilikuwa kwenye friji yangu, vyombo vya jioni siku tisini! Ile ya kupanga hela ni wiki 13 anaandika kila senti iliyoingia na kutoka, ikabidi hata mimi nianze kumpa risiti nikimwazima dola mbili. Ya kambi ni kulala nje usiku 20. Kalala, na mvua ya Ohio mnaijua.

Jumatatu iliyopita kaenda na faili lake kuomba sahihi ya kuanza mradi, ule wa kujitolea kwa jamii. Anataka kutengeneza rafu za kuwekea vyakula kwenye stoo moja ya kugawia familia zinazohitaji, wenyewe wameshakubali na wamesaini. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kwenye viti. Skautimasta hakusoma hata ukurasa wa pili. Alilifunga lile faili akalisukuma polepole mezani likarudi kwa mtoto, akamwambia wewe una miaka 13, Eagle wa miaka 13 sijawahi kumtoa na sitaanza leo, kwanza uwe kiongozi wa kikosi, njoo tuongee ukifika 16. Mwenyekiti wa kamati yupo pembeni anatikisa kichwa tu kukubali.

Mtoto hakulia pale, kalia kwenye gari. Hajavaa tena ile skafu.

Mimi nimekulia Tanga, skauti nilikuwa nawaona siku za Mwenge na kwenye gwaride basi, sheria za huku sizijui. Je wana haki hiyo? Nataka niende Jumatatu nimwambie yule baba maneno yake yote hapo hapo mbele ya watu, mume wangu ananiambia nitulie. Nishaurini.

Mjumbe_Texas

Dada pole, na shikilia hayo maneno kwanza usiende nayo Jumatatu.

Mimi niko kwenye kamati ya kundi la mwanangu mwaka wa sita huu, kwahiyo kidogo najua. Jibu fupi: hapana, hana haki. Eagle haina umri wa chini, ina umri wa juu tu, kabla hujafika 18 uwe umemaliza masharti. Kuna mwongozo wa taifa wa mambo ya madaraja, unapatikana bure mtandaoni, na ndani yake kuna mstari ambao kila mjumbe wa kamati anatakiwa aujue kama jina la mama yake, kwamba hakuna mtu wala kamati wala wilaya yenye mamlaka ya kuongeza au kupunguza sharti. Kwahiyo "mpaka ufike 16" ni sharti kalitunga yeye. "Lazima uwe kiongozi wa kikosi" nalo kalitunga, maana zipo nafasi nyingi zinazokubalika, kiongozi wa kikosi ni mojawapo tu.

Kinachotakiwa toka Life kwenda Eagle ni miezi 6 ya kushiriki, miezi 6 kwenye nafasi ya uongozi akiwa tayari ni Life, hizo beji, mradi, watu wa kumtolea ushuhuda, mazungumzo na skautimasta, alafu kikao cha bodi, yaani watu wazima wanaokaa kumpitisha daraja. Na hayo mazungumzo sio mtihani, hayana kufaulu wala kufeli, sharti ni kushiriki. Bodi nayo hairuhusiwi kumpima upya beji alizokwisha pewa, eti mfungie fundo hili tuone. Watu wanafanya sana hiyo na ni makosa.

Wakikataa kabisa kusaini kuna njia ya kwenda ngazi ya wilaya, kule wana mtu wa madaraja, na mwisho kabisa kama kila kitu kimekamilika na kundi bado linagoma mtoto anaweza kuomba bodi ikae huko juu bila baraka ya kundi. Nimeiona ikifanyika mara moja. Mtoto alishinda. Ila sherehe yake waliifanyia nyumbani kwao sebuleni, kutoka kwenye kundi hakuja mtu hata mmoja, sasa hilo nalo lipime.

Swali langu: hiyo miezi yake 6 kashika nafasi gani? Maana hapo ndipo watashika.

mama_wa_wawili (Ohio)

Asante sana kaka. Nafasi yake ni mkutubi wa kundi, anatunza vile vitabu vidogo vya beji. Toka Novemba.

kaka_mkubwa77

Jamani tuache kuzunguka mbuyu, hilo ni suala la rangi. Mtoto angekuwa wa kwao wangeshasaini zamani.

mama_wa_wawili (Ohio)

Hata mimi usiku ule niliwaza hivyo kaka, siwezi kukataa. Ila kuna mtoto mwingine pale mzungu wa miaka 14 nae walimwambia hivi hivi mwaka jana akaacha akaenda kwenye mpira. Kwahiyo sijui. Sitaki niingie na hilo neno mdomoni bila uhakika, likishatoka halirudi.

Mwalimu_Nyeri

Mum pole sana. Mimi niko Kenya, ni mwalimu na nimesimamia skauti shuleni zaidi ya miaka kumi, kila Februari tunapeleka watoto pale kwa kaburi la Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, hapa Nyeri kwa siku yake ya kuzaliwa tarehe 22, so naongea kama mtu wa upande wa pili wa meza, msinirushie mawe.

Kwetu hii kesi haiji sana kwa sababu mtoto anatoka Sungura anaingia Chipukizi, kisha Mwamba, kisha Jasiri, na hapo ni umri ndio unamsongesha. Huyo wa haraka na huyo wa polepole wanajikuta wamevuka karibu pamoja. Nyinyi huko mmeweka ngazi ambayo kila mtoto anapanda na mwendo wake, halafu mtu akipanda mbio watu wazima wanashtuka. Hapo sijui kosa ni la mtoto aje.

Lakini wacha nikuambie kitu niliona. Nilikuwa na msichana mmoja kwa kambi, mkali sana, huduma ya kwanza anajua kuliko mimi. Mvua ikatupiga jioni. Huyo msichana alichimba mtaro wa maji kuzunguka hema pekee yake, akakaza kamba zote, akawasha moto na kuni mbichi, akapika. Wenzake watano wamekaa chini ya turubai wanacheza karata. Mimi kwanza nikafurahi, nikasema huyu ndiye. Nikamuuliza mbona hukuwaita wakusaidie? Akanijibu bila hata kuniangalia, "wao wanachelewa, mwalimu."

Nilikaa na hilo jibu wiki mzima. Huyo alikuwa amejua kila kitu isipokuwa kile kilifanya tuwaweke watoto sita kwa hema mbili. Pengine huyo skautimasta wenu ameona kitu kama hicho, na badala ya kukitaja amejificha nyuma ya umri kwa sababu umri ni rahisi kusema. Kama ni hivyo amekosea, tena sana, mtoto huambiwa kosa lake akiwa bado na nafasi ya kurekebisha. Kusukuma faili ni madharau tu. Lakini wewe pia jiulize kama kuna kitu ameona. Mimi singeenda kupiga kelele.

Mjumbe_Texas

Mwalimu umenena. Na hata mwongozo uko upande wako hapo, kama kijana hafanyi kazi ya nafasi yake kiongozi anatakiwa amwambie mapema, sio anyamaze miezi sita alafu amshtukize mwisho. Hata yule Eagle wa kwanza kabisa mwaka 1912, Arthur Eldred wa New York, walimkalisha wakubwa wa skauti wa taifa wenyewe wakamhoji, lakini walimhoji, hawakumwambia nenda ukazeeke kwanza.

dogo_wa_zamani

Shikamoo mama. Nimeusoma uzi wote nikiwa kazini nimeshindwa kunyamaza, maana mimi nilikuwa huyo mtoto.

Nimezaliwa Kigoma nikaletwa Minnesota nina miaka 6. Eagle nilipata na miaka 14. Naomba niseme kitu ambacho watu wazima hawasemi. Kwenye kila kundi kuna vijana wa miaka 17 na nusu wamekwama Life, wanakimbizana na birthday yao, mradi haujaanza, baba zao wanapiga simu usiku kutafuta sahihi, dakika za majeruhi kabisa. Na hao baba zao ndo kamati. Sasa akipita katoto ka miaka 13 mbele yao na faili limepangika, kila mzazi anageuza shingo kumtazama wa kwake. Haya mambo ya "hajakomaa" nusu yake yanatoka hapo. Mwenyekiti wenu ana mtoto mle? Ana miaka mingapi? Sihitaji jibu, angalia tu mwenyewe.

Nusu ya pili lakini ni kweli. Mama yangu alikuwa anapiga simu zote yeye. Anaongea na washauri wa beji, anapanga kalenda, fomu anajaza yeye mimi natia sahihi. Siku ya sherehe alipika pilau ya watu 60, ukumbi umejaa watu wa kanisani kwetu, mimi nimesimama mbele nimebandikwa ile medali. Jumanne iliyofuata sikwenda mkutanoni. Na nyingine. Hakuna aliyenifukuza, hakuna aliyenipigia simu pia. Nilipotafuta kwenye simu yangu nikakuta sina namba ya mtoto hata mmoja wa lile kundi, miaka mitatu na nusu.

Simlaumu mama, alikuwa anafanya kazi mbili na alitaka nisikose kitu. Medali iko kwake kwenye kabati la vyombo vya wageni.

Swali moja tu mama, jibu kwa moyo wako sio kwetu. Dogo akienda kambini analala hema moja na nani?

bi_Salama_DC

Nimepita tu, sina mtoto skauti. Ila huyo wa "shikamoo mama" kanitoa machozi ofisini.

mama_wa_wawili (Ohio)

Marahaba mwanangu, na Mungu akuweke. Hema analala na kale katoto kengine ka miaka 12, wanabishana habari za treni mpaka wanagongewa wanyamaze. Namba yake anayo, nimeangalia. Nilisoma ulichoandika nikaenda kumwangalia amelala, alafu nikakaa chini nikahesabu simu nilizopiga mimi mwaka huu kwa ajili ya skauti. Sitaziandika hapa.

Na ndio, mwenyekiti ana mtoto mle. Ana miaka 17.

Mjumbe_Texas

Dada basi fanya hivi. Mwache aandike imeli yeye mwenyewe kwa skautimasta kuomba mazungumzo, maneno yake, hata akikosea spelingi usiguse. Nakala iende kwako na kwa kiongozi mwingine, hiyo ni lazima, mtu mzima haongei na mtoto peke yao huko, hata kwa maandishi. Siku ya mazungumzo kaa pale unapowaona ila usiwasikie. Mwongozo chapisha zile kurasa zinazohusu, weka kwenye pochi, na pochi usiifungue mpaka wakushinde.

mama_wa_wawili (Ohio)

*(wiki mbili baadae)*

Nimerudi wadau, mliniombea naona.

Imeli aliandika mistari minne. Nikaiona ni kavu, hakuna hata "natumaini hujambo", mkono ukaniwasha nikaukunja. Jibu likaja siku ya tatu, kwamba waonane Jumatatu saa moja kasoro kabla ya mkutano.

Walikaa kwenye ile meza ya kukunja, skautimasta na mama mmoja kiongozi msaidizi, mimi nilikuwa upande wa pili wa ukumbi na pochi mapajani nimeibana kama niko stendi ya Ubungo. Haya nayowaambia kanihadithia mtoto kwenye gari na yule mama kanithibitishia.

Skautimasta safari hii hakutaja miaka. Alimuuliza, wewe ni mkutubi toka Novemba, nitajie kitabu kimoja ulichomwazima mtu. Mtoto kimya. Lile boksi la vitabu liko kwenye kabati la ukumbi, kalipanga kwa alfabeti, kaandika orodha kwenye kompyuta, nzuri ina na rangi, alafu kalifunga. Hakuna mtoto aliyewahi kuja kuomba na yeye hakuwahi kumwambia mtu kwamba vitabu vipo. Akasema ukweli, hakuna hata kimoja.

Alafu akaongeza, na hapa mimi nilipiga usukani kwa furaha, "lakini hukuniambia kama nilitakiwa kufanya zaidi ya hapo."

Yule mama anasema skautimasta alikaa kimya muda, akajikuna shingo, akasema hapo una haki, nilitakiwa nikwambie Januari. Akamwomba samahani pia kwa siku ile ya faili. Sasa kasaini karatasi ya mradi hapo hapo, mwenyekiti nae alisaini wiki hiyo bila kuniangalia usoni. Tunasubiri wilaya nao wapitishe, mbao zianze.

Ila kwenye nafasi ndo tumegawanyika nyumbani. Mimi nilisema miezi 6 imeshapita, hawakumwonya, mwongozo huu hapa kwenye pochi, tudai. Mtoto kasema hataki. Anasema yule katoto wa hema moja hajui kufunga fundo la kuokolea mtu na kuna wengine wanne wapya hawajui, ameomba awe mkufunzi wao, miezi 6 mingine kuanzia sasa. Nimemwambia unajua wewe hiyo ni mpaka Desemba? Kaniambia mama mimi najua kuhesabu.

Baba yake anacheka tu. Mimi bado roho inaniuma sitawadanganya, ile miezi ilikuwa yake.

Mjumbe_Texas

Kwa sheria angeipata hiyo miezi dada, asilimia kubwa. Lakini akishasema mwenyewe hivyo wewe na mimi tukae pembeni. Kitu kimoja tu, safari hii majukumu yaandikwe, anafundisha nani, nini, kila lini, na skautimasta aone. Isije Desemba tukarudi hapa hapa.

Mwalimu_Nyeri

Huyo kijana mwambie salamu kutoka Nyeri. Na fundo la kuokoa mtu asiwafundishe na kamba nyembamba, inateleza mikono ya watoto. Atafute ile nene.

mama_wa_wawili (Ohio)

Salamu zimefika mwalimu, kamba nene ametoa kwenye gereji ya baba yake bila kuomba. Majukumu ameyaandika mwenyewe ukurasa mzima, wamesaini wote wawili, ameubandika kwenye friji pale pale palipokuwa na chati ya vyombo. Chati kaitoa, na vyombo haoshi tena.